Injini Ikizima Katikati ya Maji: Nanga Kwanza, Spana Baadaye

Katika Kaunti ya Lamu, boti ndiyo matatu, ndiyo teksi, na mara nyingine ndiyo ambulansi. Mwanafunzi wa Faza anayerudi shuleni, mfanyabiashara wa Kizingitini anayefuata bidhaa Mokowe, na mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya King Fahd kisiwani Lamu, wote hupita katika maji hayo hayo. Wengi wao hubebwa na boti ambazo injini zake zimekula chumvi kwa miaka mingi.

Injini ya zamani si lazima iwe mbovu. Ziko zinazoendelea kufanya kazi kila siku kwa sababu wenyewe wanazijua na kuzitunza. Hata hivyo, injini yoyote inaweza kuzima safarini, na iliyozeeka ina sababu nyingi zaidi za kuzima: mipira ya mafuta iliyopasuka, nyaya zilizoliwa na kutu, impela iliyochakaa. Gari likizima, dereva hulisukuma kando ya barabara. Baharini hakuna kando ya barabara, na jambo ambalo nahodha atafanya katika dakika chache za kwanza ndilo litakaloamua kama siku hiyo itakuwa ya kuchelewa tu au ya msiba.

Mkondo haungoji fundi

Chukua mfano wa boti iliyoondoka Mokowe na abiria 12 kuelekea Mtangawanda. Imevuka Mkanda salama na kuingia Ghuba ya Manda. Maji yanakupwa na upepo wa kusi umeanza kushika. Injini inakohoa mara mbili, inapoteza nguvu, kisha inanyamaza. Nahodha anafungua kifuniko, anachukua spana na kuanza kuhangaika na plagi. Abiria wanainuka mmoja mmoja kwenda kutazama.

Hakuna aliyetia nanga. Hapo ndipo hatari huanzia.

Mkondo wa maili mbili za baharini kwa saa ni jambo la kawaida katika milango na mikondo ya visiwa hivi, hasa siku za bamvua. Mwendo huo ni karibu kilomita 3.7 kwa saa. Nahodha akitumia nusu saa tu kusafisha kabureta, boti itakuwa imesogea karibu kilomita mbili bila yeye kuinua kichwa. Kilomita mbili zinatosha kuipeleka kwenye mwamba, kuipandisha juu ya fungu la mchanga, kuiweka katika njia ya meli kubwa zinazoingia Bandari ya Lamu, au kuitoa nje ya mlango hadi bahari kuu.

Nje ya visiwa, hesabu ni ngumu zaidi. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kuelekea kaskazini kwa nguvu, na boti isiyo na injini hubebwa upande wa Kiunga na mpaka wa Somalia. Wakati wa kaskazi, mkondo huo hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, na maji ya mikondo yote miwili hugeukia mashariki, mbali na nchi kavu. Msimu wowote ule, anayeachia boti ielee anaipa bahari nafasi ya kuchagua mwisho wa safari yake.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza haihusu injini hata kidogo. Ni kuizuia boti pale ilipo.

Dakika tano za kwanza

1. Tia nanga. Itiwe kutoka omo, kamwe si kutoka tezi. Tezi ndiyo sehemu ya chini zaidi ya boti na ndiyo inayobeba uzito wa injini. Boti iliyofungwa nanga nyuma hupigwa na mawimbi upande huo na inaweza kujaa maji upesi. Kamba nayo iwe ndefu ya kutosha. Makadirio yanayofaa ni mara tano ya kina cha maji: kina cha mita 4 kinahitaji kamba ya mita 20, na bahari ikiwa imechafuka iongezwe. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu, ikashindwa kushika chini.

2. Kama kina ni kikubwa na nanga haifiki chini, geuza omo uelekee mawimbi. Ndoo imara, turubali lililofungwa pembe zake, au tanga kuukuu, likifungwa kwa kamba ndefu na kutupwa majini kutoka omo, hupunguza kasi ya kuelea na kuzuia boti isikae ubavu kwa mawimbi. Nanga iendelee kuning'inia, kwani boti ikifika penye maji haba huenda ikashika yenyewe.

3. Waketishe abiria na uhakikishe kila mmoja amevaa jaketi ya kuokoa maisha. Boti ndogo hupinduka kwa urahisi watu wakihamia upande mmoja. Nahodha aseme waziwazi, kwa sauti tulivu: "Injini imezima. Tumetia nanga, boti haiendi popote. Kila mtu aketi alipo na afunge jaketi yake." Abiria anayejua kinachoendelea hana haja ya kusimama kukitafuta.

4. Toa taarifa mapema. Mpigie mwenye boti, gatini ulikotoka au unakokwenda, na manahodha walio karibu. Wengi huona haya kupiga simu kabla ya kujaribu kutengeneza. Lakini taarifa haina gharama. Injini ikiwaka baada ya dakika kumi, piga tena useme safari inaendelea. Isipowaka, msaada utakuwa tayari njiani kabla giza halijaingia.

5. Sasa chukua spana.

Imezima vipi?

Namna injini ilivyozima ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wake. Kabla ya kufungua chochote, nahodha ajiulize alisikia nini katika dakika ya mwisho.

Kama injini ilikohoa, ikapungua nguvu taratibu kisha ikazima, shuku mafuta. Anza na yaliyo rahisi. Je, tangi lina petroli? Je, skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi imefunguliwa? Ikiwa imefungwa, hewa haiingii tangini na petroli haiwezi kutoka. Injini huenda vizuri kwa muda, kisha hufa, na nahodha asiyejua hili anaweza kufungua kabureta nzima bure. Kagua pia kama abiria amekanyaga mpira wa mafuta au mzigo umeukunja.

Halafu ibonyeze pampu ya mkono iliyo kwenye mpira huo, mshale wake ukielekea injini. Ikijaa na kuwa ngumu, petroli inafika, kwa hivyo angalia kwingine. Ikibaki laini hata baada ya kuibonyeza mara nyingi, aidha tangi ni tupu au mpira una tundu unaovuta hewa, na mara nyingi ni kwenye maungio. Ikinywea na kubaki bapa, kuna kizuizi upande wa tangi.

Kama petroli inafika lakini injini bado haiwaki, mimina kidogo kutoka kwenye mpira ndani ya chupa angavu na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo yatajitenga na kukaa chini. Maji kwenye mafuta ni tatizo la kawaida pale petroli inapobebwa kwa mitungi inayofunguliwa kwenye mvua au mawimbi. Dawa yake ni kumwaga maji yaliyo kwenye kikombe cha chujio, kusafisha chujio, na kutumia petroli ya mtungi mwingine.

Kama injini ilizima mara moja, kana kwamba mtu amebonyeza swichi, shuku umeme. Jambo la kwanza ni kamba ya usalama, ile inayofungwa kwa nahodha na kuizima injini akianguka. Mara nyingi huvutwa na mguu wa mtu au mzigo bila mtu kujua. Irudishe mahali pake na ujaribu tena. Kama haikuwa hiyo, tazama nyaya zilizolegea au zilizooza kwa kutu, kisha plagi. Plagi iliyolowa petroli au iliyojaa masizi meusi haitoi cheche. Usipoteze muda kuijaribu cheche yake nje ya injini huku kuna mvuke wa petroli, kwani cheche hiyo hiyo inaweza kuwasha moto. Weka plagi nyingine, kavu na ya aina iliyopendekezwa na mtengenezaji.

Kama injini ilianza kuwa nzito, ikatoa harufu ya kuungua, kisha ikazima au ikakwama, shuku joto. Kila injini ya nje ina mchirizi wa maji unaotoka nyuma yake inapofanya kazi. Mchirizi huo ndio unaoonyesha kwamba maji ya bahari yanapanda kupoza vyuma. Ukikatika, injini izimwe papo hapo hata kama bado inaenda vizuri. Iinue kutoka majini, tazama matundu ya kuingizia maji, na utoe mfuko wa plastiki, mwani au matope. Katika Mkanda, maji yanapokuwa yamekupwa, propela hutibua tope na mchanga ambao huingia humo na kuisaga impela ya mpira. Tundu la mchirizi lenyewe linaweza kuziba kwa chumvi, na kipande chembamba cha waya hulizibua. Iache injini ipoe yenyewe. Kuimwagia maji baridi ikiwa na moto kunaweza kuipasua. Ikiwashwa tena na mchirizi usionekane, usiendelee na safari. Injini iliyoungua haitengenezwi baharini.

Kama injini inanguruma lakini boti haisogei, tatizo liko kwenye propela. Injini ndogo huwa na pini inayokatika kwa makusudi propela inapogonga mwamba, ili gia zisivunjike. Pini ya akiba na koleo hutosha kuirekebisha. Injini kubwa kidogo huwa na mpira ndani ya kitovu cha propela, na mpira huo ukiteleza, boti bado inaweza kwenda polepole sana. Punguza mafuta na uelekee ufuo wa karibu badala ya kulazimisha mwendo.

Kama kulikuwa na mtikisiko wa ghafla kisha kimya, huenda wavu au kamba imejifunga kwenye propela. Hapa tahadhari ni moja na haina msamaha: mtu yeyote asiweke mkono kwenye propela kabla injini haijazimwa na kamba ya usalama kutolewa. Iinue injini, kata wavu kwa kisu, na uzungushe propela kwa mkono kuhakikisha iko huru.

Kamba ya kuwashia ikikatika, injini nyingi za zamani zinaweza kuwashwa kwa kuzungusha kamba nyingine kwenye gurudumu lililo juu, baada ya kuondoa kifuniko. Ni njia ya dharura tu. Gia iwe fri, watu wakae mbali, na nguo ndefu, leso au buibui lisikaribie gurudumu linalozunguka.

Mtego wa kujaribu bila kukoma

Nahodha mwenye bidii huvuta kamba ya injini mara hamsini. Akifanya hivyo choki ikiwa imevutwa, petroli hujaa ndani, plagi hulowa, na injini ambayo ingewaka huzidi kukataa. Ukisikia harufu kali ya petroli, rudisha choki ndani, fungua mafuta yote ya kuongezea mwendo, na uvute mara kadhaa ili petroli iliyozidi itoke. Ukishindwa, toa plagi, zikaushe na usubiri kidogo.

Petroli iliyomwagika ndani ya boti ni hatari kuliko injini iliyozima. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, ngamani, ukisubiri cheche. Sigara izimwe, jiko lisiwashwe, na betri isiguswe hadi petroli ipanguswe na hewa ipite. Moto wa petroli hauzimwi kwa ndoo ya maji, kwani maji huusambaza. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na nahodha, si chini ya mizigo.

Ni vyema pia kujipangia kikomo. Baada ya robo saa ya kujaribu bila mafanikio, kazi ya nahodha inabadilika. Kuanzia hapo ni kuwatunza watu hadi msaada ufike, na injini inaweza kusubiri fundi.

Kuomba msaada na kuvutwa

Anayeomba msaada aseme mambo manne: yuko wapi, yuko na watu wangapi, tatizo ni nini, na boti yake inaonekanaje. "Tuko Ghuba ya Manda" haitoshi, kwani ghuba ni pana. Afadhali: "Tumetia nanga mashariki mwa njia ya meli, Mtangawanda iko mbele yetu, boti nyeupe yenye ubavu wa buluu, watu 13, injini imezima, hakuna mgonjwa." Simu nyingi za kisasa zinaweza kuonyesha nambari za mahali kwa setilaiti hata pasipokuwa na intaneti, na nambari hizo zinaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu ya sauti inapokatika.

Boti zenye redio ya VHF zitumie chaneli 16, ambayo husikilizwa kwa ajili ya dharura. Maisha yakiwa hatarini, kwa mfano boti inaingia maji au inaelekea mwambani, neno "Mayday" hutamkwa mara tatu mwanzoni mwa ujumbe. Kwa injini iliyozima huku boti ikiwa imara kwenye nanga, hutumiwa "Pan-Pan" mara tatu, yaani tatizo ni la haraka lakini maisha hayajawa hatarini. Simu za dharura 999 na 112 pia zinatumika, na Kituo cha Kuratibu Uokoaji Baharini kilichoko Mombasa hupokea taarifa za ajali za baharini na kuzifikisha kwa vikosi vya uokoaji, wakiwemo Walinzi wa Pwani.

Katika mwanga wa jua, kioo au kifuniko cha sufuria huweza kumulika mbali. Usiku, tochi ni ya lazima. Kuinua na kushusha mikono yote miwili polepole ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana baharini duniani kote.

Boti ya kuvuta ikifika, kamba ifungwe mahali imara katika omo, si kwenye ubao uliooza au kishikio cha kupandia. Iwe ndefu, na mwendo uwe mdogo. Abiria wakae mbali nayo, kwa sababu kamba ikikatika ikiwa imekazwa hurudi kwa nguvu za kuvunja mfupa. Boti inayovuta ianze taratibu, na kisu kiwe tayari kuikata kamba ikiwa mojawapo ya boti itaanza kuingia maji.

Yanayomhusu abiria

Abiria si mzigo. Anayo haki ya kuuliza jaketi kabla ya boti kuondoka, na wajibu wa kuivaa, si kuikalia. Anaweza kukataa kupanda boti iliyojaa kupita kiasi, au isiyo na nanga wala kasia. Baada ya injini kuzima, msaada wake mkubwa ni kuketi, kuwashika watoto, kuokoa chaji ya simu, na kuteka maji yakiingia.

La muhimu zaidi, abiria asiruke kuogelea kuelekea nchi kavu hata kama inaonekana karibu. Mkondo ulioweza kubeba boti utambeba mtu pia, na kichwa cha mwogeleaji ni kidogo sana kuonekana katikati ya mawimbi. Boti, hata iliyopinduka, huonekana haraka. Kaa nayo.

Kabla ya kung'oa nanga

Sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa huzuilika gatini. Nahodha wa boti yenye injini ya zamani anashauriwa kuzingatia haya:

- Kuiosha injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kazi, kwa kuyapitisha ndani yake, si kuimwagia juu tu.
- Kubadilisha impela kabla haijafa. Wanaopita katika maji ya tope kila siku waikague angalau mara moja kwa mwaka.
- Kupima mafuta na oili kwa kipimo, si kwa kukisia. Injini nyingi za stroki mbili hutumia oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, lakini maagizo ya mtengenezaji ndiyo yanayofuatwa.
- Kuchuja petroli kwa faneli yenye wavu mwembamba kila inapomiminwa.
- Kugawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja la dharura. Injini ya nguvu farasi 40 ya aina ya zamani inaweza kunywa karibu lita 15 kwa saa ikiendeshwa kwa kasi kubwa, na zaidi ikipambana na kusi.
- Kubeba plagi mbili za akiba, spana ya plagi, pini za propela, kipande cha mpira wa mafuta na vibano vyake, koleo, bisibisi, waya, kisu, tochi na kamba ya kuwashia.
- Kubeba nanga yenye kamba ndefu, makasia au pondo, ndoo ya kuteka maji, kizimamoto, maji ya kunywa, na jaketi moja kwa kila mtu, zikiwemo za watoto.
- Kumwachia mtu wa gatini orodha ya abiria, mahali boti inakokwenda na saa inayotarajiwa kufika. Boti isiyojulikana kuwa iko safarini haitafutwi.

Ipo tofauti moja kati ya madau ya zamani na boti za faiba za leo. Dau lilitoka na tanga, makasia na pondo, kwa hivyo upepo ukikatika baharia alikuwa na njia nyingine ya kufika. Boti nyingi za leo zina njia moja tu, nayo ni injini. Jozi ya makasia haitashinda kusi, lakini inatosha kuisogeza boti mita mia moja kutoka kwenye mwamba, na mara nyingine mita hizo ndizo zinazohitajika.

Wajibu wa kila upande

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali za kaunti zina jukumu la feri na bandari ndogo, huku usimamizi wa uchukuzi wa meli kitaifa na kimataifa ukibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Ukaguzi na leseni za vyombo vya baharini ni kazi ya Mamlaka ya Masuala ya Bahari Kenya, KMA. Wamiliki wa boti wanahimizwa kuhakikisha vyombo vyao vimekaguliwa na leseni zao hazijapitwa na wakati, na kutomruhusu nahodha kuondoka bila vifaa vya usalama kwa sababu abiria wana haraka.

Kuhusu ile boti ya Ghuba ya Manda: nahodha wake akitia nanga mara injini inaponyamaza, abiria wake 12 watasubiri, watachoka, na pengine watalalamika. Kisha ataifungua skrubu ya hewa aliyoisahau Mokowe, ataibonyeza pampu mara kumi, na injini itawaka. Watafika Mtangawanda wakiwa wamechelewa. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharini, marejeo ni nanga, na haina budi kuwa ndani ya boti kabla ya safari kuanza.